Maombi ya Marehemu

Kwenye ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo, ukishapita chumba cha mashine za kunakili na kabla hujafika stoo, kulikuwa na mlango usio na kibao. Kibao kilikuwapo zamani. Kilianguka, kikawekwa juu ya kabati ili fundi aje akirudishe, na juu ya kabati ndiko kilikobaki. Hakuna aliyekihitaji. Kila mtu chuoni alijua kwamba nyuma ya mlango ule anakaa Mama Oda, na kwamba kitabu chochote kilichoingia maktaba ile tangu aajiriwe, kiwe cha sheria, cha mifupa au cha nyota, kilipita kwanza mezani kwake kikiwa bado ni jina tu.

Watu wa nje hudhani maktaba hununua vitabu kama mtu anavyonunua sabuni. Sivyo. Mhadhiri anaomba kitabu kwa kompyuta. Mkuu wa idara yake anaidhinisha. Ombi linashuka kwa Mama Oda, naye anaangalia kama maktaba haina tayari kitabu hicho. Mara nyingi inacho, na mara nyingi aliyekiazima na kukikalia ni huyo huyo anayekiomba. Kisha anamwandikia wakala wa vitabu. Wakala anajibu kwamba kipo, au kimekwisha, au kinakuja, na hilo neno "kinakuja" kwa wakala linaweza kumaanisha jambo lolote lile. Mama Oda anamkumbusha, anamkumbusha tena, anambana. Siku kikifika, kinakaguliwa, kinapigwa muhuri, kinapewa namba, na aliyekiomba anaarifiwa aje akisome wa kwanza.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mambo hayo hayakwami wala hayafuriki. Kukwama kulikuwa shughuli ya mwaka mzima. Kufurika kulikuja mwisho wa mwaka wa fedha, pale idara zote zilipokumbuka kwa pamoja kwamba bajeti isiyotumika hurudi ilikotoka. Majuma hayo, wahadhiri ambao hawajui hata maktaba inafunguliwa saa ngapi walimwamkia kwa heshima zote. Mmoja alimletea pakiti ya karanga. Mama Oda alizila karanga, akamshukuru, akamwacha kwenye foleni pale pale alipokuwa.

Aliingia kazini kama mpiga chapa wa muda, kumshikia nafasi mama mmoja aliyekwenda likizo. Yule mama hakurudi, na hakuna aliyemwambia huyu kwamba muda wake umekwisha, basi akaendelea kuja. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo wala wa kununa. Sauti aliyomwambia nayo wakala kwamba amechelewa ndiyo hiyo hiyo aliyomwambia nayo mumewe kwamba chakula kiko mezani. Mumewe alikuwa fundi simu mstaafu, mtu wa maneno mengi, na ndoa yao ilikwenda vizuri kwa sababu hiyo: mmoja akitoa, mwingine akipokea.

Kama alivisoma vitabu alivyoviagiza? Hakuvisoma. Aliwahi kuulizwa hilo na mgeni mmoja, akajibu kwamba anayepokea watu kituoni hawezi kupanda kila basi. Mgeni alicheka. Yeye hakuwa amefanya mzaha.

Sasa, miongoni mwa wahadhiri kulikuwa na mmoja wa mambo ya kilimo, aliyefundisha habari za udongo miaka nenda miaka rudi hata watu wakamwita Mzee Udongo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti moja, aliyeomba vitabu kwa wingi na kuvirudisha kwa mbinde. Kuna kimoja alikaa nacho mpaka wanafunzi wake wakawa wahadhiri nao wakakiomba. Mama Oda alimwandikia barua za kumkumbusha, na Mzee Udongo alizijibu zote kwa adabu, bila kurudisha kitu.

Mwanzoni mwa mvua, Mzee Udongo alifariki. Aliondoka nyumbani asubuhi kwenda kupimwa moyo, na moyo ukasimama kabla ya kupimwa. Chuo kilisitisha masomo siku moja. Mkuu wa idara yake alisoma risala makaburini huku machozi yakimlowesha karatasi. Mama Oda alikwenda kuzika, alisimama nyuma, akarudi kazini mchana kwa sababu wakala alikuwa ameahidi kupiga simu.

Siku chache baadaye, ombi liliingia kutoka kwa Mzee Udongo.

Mama Oda hakupepesa jicho. Mtandao wa chuo ulikuwa na tabia ya kumeza vitu na kuvitapika baadaye. Alidhani ni ombi la zamani lililokwama njiani, akakiagiza kitabu kama heshima ya mwisho. Likaja la pili, akalipitisha nalo. La tatu lilikuwa la kitabu kipya kuhusu udongo wa mfinyanzi, na alipokitafuta kwa wakala aliona kwamba kitabu chenyewe kimetoka baada ya mazishi. Mama Oda aliwajua wahadhiri wengi waliowahi kuomba kitabu kabla hakijatoka. Huyu alikuwa wa kwanza kukiomba akiwa yeye ndiye aliyetoka.

Alikagua ombi lile kama alivyokagua mengine. Nywila ilikuwa sahihi. Kitabu hakikuwamo maktaba. Idhini ya mkuu wa idara ilikuwapo. Yule yule aliyelia makaburini alikuwa ameidhinisha, kama alivyoidhinisha kila kitu, bila kusoma. Kwa utaratibu, ombi halikuwa na kasoro hata moja isipokuwa mwombaji.

Chumba cha pili alikaa mpokea mizigo, jamaa mnene mpole waliyemwita Boksi, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa kufungua maboksi. Boksi alipoliona jina kwenye kompyuta alirudi nyuma hatua mbili.

"Mama Oda, mimi kitabu cha huyu sikifungui."

"Utakifungua."

"Kwa mkono gani?"

"Ule unaopokelea mshahara."

Boksi alishika tama. "Hutaki kumwambia mkuu wa maktaba?"

"Nimwambie nini? Kwamba marehemu anaomba vitabu?"

"Si ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo," alisema Mama Oda, "lakini haisemeki."

Alichofanya ni kile anachomfanyia mwombaji yeyote aliyemtilia shaka. Alimwandikia: ombi lako limepokelewa, tafadhali thibitisha kama kitabu hiki bado unakihitaji. Akabonyeza, akaenda kuchukua chai. Aliporudi, jibu lilikuwa limeshafika. Lilisema: Bado nakihitaji sana. Na kile cha chokaa kimefikia wapi?

Mama Oda aliona haya. Kile cha chokaa kilikuwa kimechelewa kweli, na alikuwa hajamkumbusha wakala tangu juma lililopita. Alimwandikia wakala papo hapo, kwa maneno makali.

Jioni alimweleza mumewe. Fundi simu alikuwa ameifungua redio ya jirani, vipande vyake vimetapakaa kwenye kanga sakafuni, na jirani hakuwa amemwomba aifungue.

"Marehemu kajibu?" aliuliza.

"Kajibu."

"Mwenyewe?"

"Kajibu upesi kuliko alipokuwa hai."

Mumewe aliweka bisibisi chini. "Sikiliza. Mimi nimepanda nguzo miaka yote ile. Waya ukitoa sauti, upande wa pili kuna mtu. Hakuna sauti ya bure. Nenda ufuate waya."

Usiku ule Mama Oda alilipa lile neno uzito, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kwa maneno ya mumewe.

Kilichomsukuma hasa si kifo. Ni kwamba vitabu vilirudi. Vile viwili vya kwanza vilivyochukuliwa kwa jina la Mzee Udongo vilirudishwa siku ile ile iliyopangwa, visafi, vimefungwa kwa gazeti. Katika uhai wake mzee hakuwahi kufanya kitu kama hicho. Mama Oda alimwita tarishi wa idara ya kilimo, mzee mwenye baiskeli aliyekuwa akisambaza barua na vitabu vya wahadhiri.

"Vitabu vya Mzee Udongo unavipeleka wapi?"

"Nyumbani kwake, kama siku zote."

"Nani anavipokea?"

"Mama mwenye nyumba."

"Na hukushangaa?"

"Mimi tarishi," alisema yule mzee. "Nikianza kushangaa, barua hazitafika."

Jumamosi Mama Oda alivaa viatu vyake vya kazini, akaenda.

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, mahali ambapo viwanja vilikuwa vikubwa na majirani wachache. Barazani, badala ya maua, kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa udongo, kila moja limebandikwa karatasi. Mengine yalikuwa na mche wa mlimau, mengine yalikuwa na kilichobaki cha mche. Alipiga hodi mara mbili. Mwanamke mzee, mwembamba, alitokea ubavuni mwa nyumba akiwa amevaa mabuti ya mpira makubwa kuliko miguu yake. Matope yalimfika magotini.

"Karibu, mdogo wangu. Usiniguse mkono, nimechafuka."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Maktaba ya chuo. Ndimi ninayeagiza vitabu."

 Yule mwanamke alivua mabuti, akayaegemeza ukutani na kusema, "Basi ingia ndani. Nilijua utakuja, sema nilidhani utaleta polisi."

Ndani, Mama Oda alipewa kiti, na kabla hajakaa aliviona. Vilikuwa mezani, kwenye stuli, kimoja kimelazwa kifudifudi juu ya mkono wa kochi ili ukurasa usipotee. Alivijua vyote. Hicho cha jalada la bluu alikipigania na wakala tangu mvua hazijaanza. Kile kinene kilikuja kimepinda kona akataka kukirudisha. Vilikuwa na vipande vya magazeti kati ya kurasa, vingi, kama nyama iliyochomekwa vijiti. Kwa miaka yote ile alikuwa amevifikiria vitabu kama vitu vinavyofika. Hakuwahi kukutana na kimoja kikiwa kazini. Alivitazama mpaka mwenyeji akaleta chai.

"Macho yake yaliharibika zamani," mjane alianza, bila kuulizwa. "Maombi yale nilikuwa naandika mimi. Yeye anataja, mimi naandika. Baadaye akawa anasema andika chochote kizuri, na mimi naandika chochote kizuri. Kwa hiyo usidhani nimeanza juzi."

"Na kusoma?"

"Nilimsomea kwa sauti. Sasa ukimsomea mtu kwa sauti miaka kumi, na wewe unasikia."

Alisimama, akafungua dirisha la nyuma. "Tazama."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kipana, kitupu. Wala nyasi hazikuwapo. Sehemu ya mbali ilikuwa imepasuka mapande mapande kama sahani iliyoanguka, na karibu na ukuta, mvua ilipotuama, palikuwa na tope jeusi linalong'aa.

"Bingwa wa udongo," alisema mjane. "Watu walitoka nchi za nje kuja kumsikiliza. Na nyuma ya nyumba yake halioti hata gugu. Tulikinunua kwa bei ya kutupa, tukajua baadaye kwa nini. Mimi nikasema, udongo huu unatibika. Yeye akasema hautibiki. Tumebishana tangu msingi wa nyumba hii haujakauka. Asubuhi, jioni, mbele ya wageni. Watoto wakahama."

"Kwa sababu hiyo?"

"Walisema ni kazi." Alikunywa chai. "Asubuhi ile alikuwa anavaa viatu. Nikamwambia, chokaa je? Hatujajaribu chokaa. Akasema, ngoja nirudi nikueleze kwa nini chokaa haitasaidia. Akatoka. Hakurudi."

Nje, bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye ndoo.

"Sasa mimi nifanye nini?" mjane aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Watu wanakuja kunipa pole, wananiambia nilie, nimelia. Wananiambia nipumzike, nimepumzika. Hakuna anayeniambia kwa nini chokaa haitasaidia. Amekufa tukiwa katikati ya mazungumzo, na amekufa yeye akiwa mbele."

Mama Oda aliweka kikombe chini. Angetaka kusema jambo la kufariji, lakini hakuwa na mazoea hayo.

"Mama, siwezi kuagiza vitabu kwa jina la marehemu."

"Umeagiza."

"Nimeagiza. Siwezi kuendelea."

"Vilivyo njiani?"

Alifikiri. "Vilivyo njiani vitafika. Oda ikishatoka, imetoka. Lakini vipya, hapana. Ipo kadi ya msomaji wa nje. Mtu asiye wa chuo anaweza kusoma, hata kuomba kitabu, ila lazima mkuu wa idara amdhamini kwa saini."

"Mkuu wa idara? Yule anayelia?"

"Huyo."

"Yule anasaini hata mfuko wa saruji. Niletee hiyo fomu."

Jumatatu Mama Oda alimwendea fundi wa kompyuta amfungie Mzee Udongo mlango wa mtandao. Fundi aliuliza sababu. Akamwambia mwenyewe amefariki. Fundi akatazama kioo chake, akasema mbona aliingia juzi. "Funga tu," alisema Mama Oda, na fundi akafunga.

Wakati mwingine wowote, mambo yangeishia hapo. Lakini ulikuwa mwisho wa mwaka wa fedha, na mkuu wa maktaba, bwana mmoja mpole aliyependa sherehe, alikuwa na desturi ya kutoa cheti kwa mhadhiri aliyechangia zaidi kukuza hazina ya vitabu. Alihesabu maombi, akapata mshindi kwa mbali sana. Alishuka mwenyewe hadi kwenye mlango usio na kibao, machozi yakimlengalenga.

"Mama Oda, umeona? Mtu anachungulia kaburi, na bado anaijenga maktaba!"

"Mkuu, hakuwa mgonjwa."

"Unaona sasa! Na hakumwambia mtu!"

"Mkuu, kuhusu tarehe za hayo maombi..."

"Tarehe si kitu mbele ya moyo wa namna hii," alisema mkuu wa maktaba, akamshika bega, akaondoka kwenda kuagiza maturubai.

 Mama Oda alijaribu tena siku mbili baadaye, akaambiwa mkuu yuko kwenye kikao cha sherehe. Alijaribu kumwandikia, akafuta. Boksi alimshauri augue siku hiyo. Mumewe alimshauri avae gauni la kijani. Alivaa gauni la kijani.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa kusomea, viti vimepangwa, meza zimesukumwa ukutani. Mkuu wa idara ya kilimo alizungumza kwanza na kulia kwa mara ya pili. Akaitwa mjane kupokea cheti cha mumewe. Alikuja amejitanda vizuri, kucha bado zina weusi wa udongo, akakipokea cheti, akakisoma chote pale pale huku watu wakisubiri kupiga makofi. Kisha akaomba kipaza sauti.

"Ahsanteni sana," alisema. "Ila hiki si cha mume wangu. Vitabu hivi niliviomba mimi, na vingine niliviomba yeye akiwa ameshazikwa. Hangekubali hata kimoja. Nasema hivi maana nikikaa kimya, atakuwa amenishinda na kwenye hili."

Ukumbi ulikufa ganzi. Mkuu wa maktaba aliendelea kutabasamu kwa sababu uso ulikuwa haujapata taarifa.

"Wala msimlaumu yule mama pale," mjane aliongeza, akimwonyesha Mama Oda kwa cheti. "Yeye alikuja mpaka nyumbani kunikataza. Nimeacha."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, na kwa nia hiyo njema ukumbi mzima ukajua kwamba Mama Oda alijua.

Barua ya kumtaka ajieleze ilifika kesho yake. Usiku ule hakula. Mumewe alizungumza peke yake hadi akachoka, kisha akakaa kimya naye, jambo lililomtisha Mama Oda kuliko barua. Miaka yote ile hakuwa amewahi kuonywa hata kwa kuchelewa. Aliona tayari amemwaga unga, na alipojaribu kuwaza angefanya kazi gani nyingine, hakuona kitu.

Kamati ilikaa. Mkuu wa idara aliulizwa kwa nini aliidhinisha maombi ya mtu aliyemzika mwenyewe. Akasema aliamini Mama Oda atakuwa amekagua. Mama Oda aliulizwa kwa nini aliyapitisha. Akasema yalikuwa yameidhinishwa. Kamati iliandika majibu yote mawili, ikaona yanalingana uzito.

"Lakini ulijua," alisema mwenyekiti.

"Nilijua. Tangu kitabu cha tatu."

"Kwa nini hukutoa taarifa?"

 Mama Oda alitafuta jibu la utaratibu, akalikosa.

"Nilitaka kuona vinakwenda wapi," alisema. "Nimeagiza vitabu maisha yangu yote. Sikuwahi kuona vinakokwenda."

 Mwenyekiti aliuliza kama hilo liandikwe. Akasema liandikwe.

Alipewa onyo, na akahamishiwa chumba cha magazeti mpaka mvua nyingine zianze. Mkuu wa idara alipewa onyo pia, akalisaini bila kulisoma. Oda zote alikabidhiwa Boksi, aliyezitunza kwa hofu na mapenzi, akipanda ngazi kila asubuhi kuja kumwuliza Mama Oda wakala anaposema hivi anamaanisha nini.

Chumba cha magazeti hakikuwa na foleni. Hakuna aliyeomba gazeti la jana kwa haraka. Mama Oda alikaa siku mbili akiwa hana la kufanya, mikono inamwasha. Siku ya tatu alishuka, akachukua kile kitabu cha chokaa, ambacho kilikuwa kimefika na kurudishwa, akaanza ukurasa wa kwanza. Hakukielewa chote. Kulikuwa na kurasa alizosoma mara tatu na zikabaki vile vile. Lakini alifika mwisho, na karibu na mwisho alikuta sehemu iliyoeleza, kwa maneno makavu, kwamba udongo wa aina fulani, wenye chokaa tayari ndani yake, haufaidiki na chokaa zaidi. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya penseli. Mtu alikuwa ameshapafika hapo kabla yake.

Jumamosi alikwenda kwa mjane, na mumewe akafuata kwa sababu hakuwa na redio ya kufungua.

"Umeona ule ukurasa," mjane alimwambia kabla hajapiga hodi, alipokiona kitabu cha chokaa mkononi mwake.

"Nimeuona."

"Alikuwa sahihi." Mjane alikaa kwenye ngazi ya baraza. Milimau yake yote kwenye makopo ilikuwa imekauka. "Miaka yote. Inaudhi kweli kweli. Nimekwenda makaburini nikamwambia. Nimemwambia, haya, umeshinda. Nikakaa pale. Nilidhani nitajisikia vizuri."

"Ikawaje?"

"Nikajisikia nimebaki peke yangu." Alijifuta pua kwa kiganja, taratibu. Mama Oda alikaa karibu naye kwenye ngazi. Hakusema kitu, na safari hii hilo ndilo lililotakiwa.

Fundi simu hakujua kukaa kimya kiasi hicho. Alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba kuangalia kiwanja, akarudi suruali imelowa.

"Shemeji," alisema, maana alishajifanya ndugu, "haya maji mbona yanalala hapa? Sisi tulipokuwa tunazika waya ardhini, pakituama namna hii tunachimba mfereji kwanza. Ukiyaachia maji yalale, hata waya unaoza, sembuse mlimau."

Mjane aliinua uso. 

"Mifereji," alisema. "Kuhusu mifereji hakuwahi kusema kitu."

"Labda hakuifikiria."

"Aliifikiria. Huyo alifikiria kila kitu. Alinificha." Alisimama, akaanza kutafuta mabuti. "Mdogo wangu, kuna kitabu cha mifereji?"

"Kipo kimoja, kwenye rafu," alisema Mama Oda. "Kilinunuliwa nikiwa bado mpiga chapa. Hakijaazimwa na mtu."

Kadi ya mjane ilitoka juma lile. Mkuu wa idara alidhamini kwa saini kubwa. Mvua nyingine zilipokaribia, Mama Oda alirudishwa chini kwenye meza yake. Alikuta foleni imerefuka hata wahadhiri wenye subira wanalalamika, na Boksi amekonda. Aliifanya kazi yake kama zamani, kwa sauti ile ile, ila waliomjua vizuri waliona kwamba sasa, mara moja moja, kabla hajapitisha kitabu kilichofika, alikifungua katikati na kusoma ukurasa mmoja.

Na Jumamosi walikuwa kiwanjani. Fundi simu ndani ya mfereji akichimba, mjane ukingoni na mabuti yake akimwambia anachimba kombo, fundi akisema amechimba nchi nzima na hakuna aliyewahi kumwambia kombo, mjane akisema labda hawakupenda kumwudhi. Mama Oda alisimama kwenye ubao uliowekwa juu ya tope, kitabu mikononi, akisoma kwa sauti kubwa sehemu ya mteremko. Hawakumsikiliza. Aliisoma tena tangu mwanzo. Kisha akatazama mawingu yaliyojikusanya upande wa barabara, akafunga kitabu, akakitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuwaambia wabishane huku wanachimba, maana mvua haikuwa mbali.